Bima ya Mbwa na Paka wa Shamba: Kabla Hujalipa, Piga Hesabu Hizi

Leo tuwaache kidogo kuku na ng'ombe, tuwaongelee wale wanaowalinda: mbwa wa getini na paka wa ghalani.

Kuna swali nimeulizwa na wafugaji kadhaa, karibu wote vijana walioingia kwenye ufugaji wa biashara miaka ya karibuni. Mtu ana banda la kuku 1,000, au ng'ombe wanne wa maziwa, na amenunua mbwa wa mbegu kwa hela ya maana ili mali ilale salama. Jioni akifungua simu anakuta Wamarekani na Waingereza wanalinganisha kampuni za bima ya mbwa na paka: hii nafuu, ile inalipa zaidi, nyingine inalipa hadi jino. Kesho yake ananiuliza, "Afisa, na mimi nimkatie mbwa wangu bima?"

Jibu langu fupi ni hapana. Sio kwa sasa, na sio kwa namna ile. Lakini usiishie hapo, maana swali lenyewe ni zuri, na linafungua jambo ambalo wengi wetu hatulipigii hesabu. Kwenye shamba la biashara, hasara kubwa ya mbwa sio kufa kwake. Hasara kubwa ni kile anachoweza kukuletea akiwa hai: kumng'ata mtu, kuleta kichaa, kuambukiza mifugo. Kwa hiyo usilipie kifo cha mbwa, lipia jino lake. Nitaeleza.

Wenzetu wanauziwa nini?

Bima ya wanyama sio jambo geni duniani. Uswidi walianza na farasi na mifugo mwishoni mwa karne ya 19, mbwa akafuata baadaye, miaka ya 1920. Marekani ilichelewa. Hati ya kwanza ya bima ya mbwa kule ilitolewa 1982, na mwenye bahati alikuwa mbwa aliyeigiza kama Lassie kwenye televisheni.

Uingereza ndiko utaona vizuri jinsi bidhaa hizi zinavyotofautiana. Kuna aina nne kubwa:

1. Ya ajali tu. Mbwa akigongwa na gari au akivunjika mguu, wanalipa. Akiugua, shauri yako. Ndiyo ya bei ya chini.
2. Ya muda. Ugonjwa unalipiwa kwa kipindi fulani, kwa kawaida miezi 12 tangu uanze. Muda ukiisha, ugonjwa ule ule haulipiwi tena.
3. Ya kiwango kwa kila ugonjwa. Kila ugonjwa una kiasi chake cha juu. Hela hiyo ikiisha, basi, hata kama mnyama bado anaumwa.
4. Ya maisha yote. Kiwango kinafunguliwa upya kila mwaka ukiendelea kulipa. Hii ndiyo ghali kuliko zote.

Ukitaka kuona tofauti, chukua mbwa mwenye ugonjwa wa ngozi unaorudi rudi. Ya kwanza haitamsaidia kabisa. Ya pili itamtibu mwaka mmoja. Ya tatu itamtibu mpaka hela iishe. Ya nne itaendelea naye, ila wewe utakuwa unalipa kila mwaka, na ada huwa inapanda mnyama akizeeka. Mtu aliyenunua kwa kuangalia bei peke yake anakuja kugundua tofauti hizi siku anapodai.

Sasa tuweke hesabu mezani

Kwa takwimu za chama cha kampuni za bima ya wanyama za Marekani ya Kaskazini, mwaka 2023 mwenye mbwa Marekani alilipa wastani wa karibu dola 675 kwa mwaka kwa bima ya ajali na magonjwa. Mwenye paka alilipa karibu dola 383. Ukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, mbwa ni kama shilingi 1,690,000, na paka kama 957,000. Kwa mwaka mmoja! Hela ya mbwa hapo inakupa mtamba, au inaezeka banda.

Halafu kampuni hailipi kila kitu. Tuseme bili ya daktari ni dola 1,000. Mkataba unasema dola 250 za kwanza ni za kwako, na kinachobaki wanalipa asilimia 80. Toa 250, inabaki 750. Asilimia 80 ya 750 ni 600. Kwa hiyo unarudishiwa 600, na 400 umetoa mfukoni, ukiachilia mbali ile ada ya mwaka mzima.

Kwa nini wanakubali? Kwa sababu kule upasuaji wa mbwa mmoja unaweza kufika maelfu ya dola, na mbwa ni mtu wa nyumbani. Siwacheki. Kwa mazingira yao hesabu inaingia akilini, na kampuni za Uingereza hulipa madai ya zaidi ya pauni bilioni 1 kwa mwaka. Lakini gharama inayowatisha wao sio inayokutisha wewe. Wewe tatizo lako la kwanza sio bili ya upasuaji wa laki nyingi. Wilaya nyingi hata mahali pa kufanyia upasuaji huo hakuna.

Kitu kimoja tu naomba ukinakili kutoka kwao. Kwa kawaida mikataba yao hailipii chanjo, na bado inamtaka mwenye mnyama awe amemchanja. Usipochanja, na mbwa akaugua ugonjwa wenye chanjo, dai lako linaweza kukataliwa. Yaani hata mwenye bima ya bei mbaya anaanza na kadi ya chanjo. Sisi tunataka kuanzia mwisho.

Mbwa wa shamba sio mbwa wa sebuleni

Tuangalie sasa hatari za kwako wewe, mfugaji wa Hai, Arumeru, Mufindi au Kibaha.

Kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Duniani unakadiriwa kuua watu kama 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote waliupata kwa mbwa. Aliyeng'atwa anatakiwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, achomwe sindano kadhaa kwa siku tofauti. Kila safari ni nauli, ni dawa, ni siku ya kazi iliyopotea. Mbwa wako akiwang'ata watu watatu, piga mwenyewe.

Na ng'ombe naye anapata. Ng'ombe mwenye kichaa mara nyingi anatoa udenda na kushindwa kumeza, hivyo watu wanadhani amekwamwa na kitu kooni. Kijana wa kazi anaingiza mkono mdomoni kutafuta muwa au embe. Hapo ndipo hatari inapohamia kwa mtu. Ukiona ng'ombe hivyo, usiingize mkono. Mtenge, piga simu kwa mtaalamu wa mifugo wa kata, na maziwa yake usiuze wala usinywe.

Kutupa mimba. Hili wengi hawalijui. Kuna kijidudu kinaitwa neospora. Mbwa anakipata akila kondo la nyuma, au nyama mbichi ya ng'ombe mwenye maambukizi. Kisha anajisaidia kwenye majani au kwenye akiba ya malisho, ng'ombe anakula, na mimba inatoka. Dawa ya kumsafisha ng'ombe huyo hakuna, na anaweza kumrithisha ndama wake tumboni. Nimeshaona shamba ambalo mwenye nalo analaumu mbegu, analaumu mpandishaji, na huku mbwa analala juu ya marobota ya nyasi kila siku. Sikuweza kuapa kwamba chanzo ni mbwa bila kipimo cha maabara, lakini nilimwambia aanzie hapo, kwa sababu kumfungia mbwa nje ya stoo ni bure.

Paka. Paka ni askari mzuri wa panya, sibishi. Ila paka, hasa mdogo anayeanza kuwinda, anaweza kutoa kwenye kinyesi vijidudu vya toksoplasma. Mbuzi na kondoo wenye mimba wakila chakula kilichochafuliwa, wanatupa. Mama mjamzito pia yuko hatarini. Kwa hiyo ghala lenye paka wawili wakubwa waliohasiwa ni salama zaidi kuliko ghala linalozalisha paka wachanga kila msimu.

Sumu ya panya. Sumu nyingi tunazonunua zinazuia damu isigande. Mbwa au paka akila sumu yenyewe, au panya aliyekwishaila, anaanza kuvuja damu ndani siku chache baadaye. Akiwahiwa anatibika kwa vitamini K1. Akichelewa, umempoteza.

Angalia orodha hiyo tena. Ni ipi kati ya hizo ingemalizwa na hati ya bima inayomlipia mbwa matibabu? Kidogo sana labda ile ya sumu. Zilizobaki zinamuumiza mtoto wa jirani, kijana wa kazi, ng'ombe wako na jina lako sokoni.

Ngazi tatu, na usiruke hata moja

Ndiyo maana mimi nashauri ngazi tatu, kwa mpangilio huu.

Ngazi ya kwanza: kadi ya chanjo na tabia ya shamba. Mbwa na paka wachanjwe kichaa wakifika miezi mitatu, warudiwe baada ya mwaka, na kuendelea kila mwaka kama daktari atakavyoelekeza. Halmashauri nyingi huchanja bure au kwa bei ndogo karibu na Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, 28 Septemba. Ulizia mapema. Mbwa mdogo apate pia chanjo ya mchanganyiko inayokinga parvo na distempa, kwa sababu parvo ikiingia, kutapika na kuhara damu kunammaliza mbwa wa mbegu ndani ya siku chache. Mpe dawa ya minyoo kwa ratiba. Zika kondo la nyuma kwa kina ambacho mbwa hawezi kufukua. Funika chakula cha mifugo. Sumu ya panya iwe ndani ya boksi lenye tundu ambalo mbwa na paka hawaingizi kichwa.

Wataalamu wanasema ukichanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo, kichaa kinakosa njia ya kusambaa. Kwa hiyo siku unapompeleka mbwa wako, washawishi na majirani. Mbwa wa jirani asiye na chanjo anapita kwenye uzio wako bila kubisha hodi.

Ngazi ya pili: kibubu cha wanyama. Badala ya kulipa ada kwa kampuni, jilipe mwenyewe. Weka shilingi 10,000 kila mwezi kwenye akaunti au kwenye simu, mahali ambapo sio hela ya vocha. Kwa mwaka una 120,000, kwa miaka mitatu una 360,000. Hiyo inalipa chanjo, inalipa daktari kushona kidonda, inamhasi paka. Mbwa asipougua, hela ni yako. Kwenye bima, mwaka ukipita salama ada imekwenda, na ndivyo bima ilivyo, sio wizi.

Udhaifu wa kibubu ni mmoja: mbwa anaweza kugongwa mwezi wa pili, na ndani mna 20,000. Kwa hiyo anza na kianzio, hata cha 50,000, wiki ile ile unayomleta mbwa. Mwenye hela ya kununua mbwa wa mbegu hakosi 50,000 ya kumtunza. Akikosa, basi alinunua mbwa mapema mno.

Ngazi ya tatu: bima ya karatasi, lakini kwa kitu sahihi. Kanuni yangu ni rahisi. Katia bima kile ambacho kikipotea huwezi kukirudisha kwa hela ya mfukoni. Mbwa unaweza kumrudisha. Ng'ombe wa maziwa wa shilingi milioni 3, uliyemkopea, huwezi.

Tuseme umepewa kiwango cha asilimia 5 ya thamani ya mnyama kwa mwaka. Kwa ng'ombe huyo ni shilingi 150,000. Ni hela, sikatai. Ila akifa mwezi wa saba na mkopo unaendelea, ndipo utakapojua thamani ya ile karatasi. Weka kiwango ulichopewa wewe kwenye hesabu hiyo, usitumie changu.

Hapa nako kuna aina. Ipo bima ya kifo cha mnyama mmoja mmoja: daktari anamkagua, anathaminiwa, anavalishwa hereni, akifa kwa sababu iliyoandikwa unalipwa. Ipo pia ya kipimo cha malisho, kama ile iliyoanzia Marsabit, Kenya, mwaka 2010, ambayo setilaiti inaangalia ukijani wa nyanda, na ukame ukizidi kiwango wafugaji wanalipwa bila mtu kuja kuhesabu mizoga. Ya pili inamfaa mfugaji wa malishoni. Wewe unayefugia bandani na kununua pumba, tafuta ya kwanza. Usiuziwe koti la mtu mwingine.

Na lile jino?

Hapa ndipo wenzetu wametuzidi akili. Uingereza, bima nyingi za mbwa zina kipengele cha kulipa madhara ambayo mbwa amewasababishia watu wengine. Ujerumani, baadhi ya majimbo kama Berlin na Hamburg yanamlazimisha mwenye mbwa kuwa na bima ya namna hiyo. Serikali yao haikumlazimisha mtu amtibu mbwa kwa bima. Ilimlazimisha ajiandae kumlipa aliyeumizwa.

Kwa hiyo ukienda kwa wakala wako, usiulize "mna bima ya mbwa?" Atakushangaa, kwani amezoea gari, nyumba, afya, na siku hizi mazao na mifugo. Uliza hivi: "Bima ya shamba langu ikilipa madhara kwa wageni na majirani, mbwa wa ulinzi wamo au wametolewa?" Jibu liwe kwenye maandishi. Na kama una wafanyakazi, hakikisha umejisajili na kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, maana kijana wa zamu anayeng'atwa akiwa kazini naye ana haki zake.

Kabla ya kusaini bima yoyote ya mnyama, maswali ni haya:

- Kampuni na wakala wamesajiliwa TIRA?
- Ni magonjwa gani na vifo gani havilipiwi?
- Kuna siku ngapi za kusubiri kabla kinga haijaanza?
- Kiasi gani cha kwanza nabeba mwenyewe?
- Mnyama akifa usiku, natoa taarifa kwa nani, ndani ya saa ngapi, na nani anathibitisha?
- Mnatambua vipi kwamba aliyekufa ndiye aliyekatiwa bima?

Wakala anayekwepa swali la pili, muage kwa heshima.

Najua mtanibishia

Wapo watakaosema, "Afisa, mbwa wangu ni biashara, nauza watoto wake." Sawa. Jike la kuzalisha lenye nasaba na wateja wanaosubiri ni mtaji, na hilo naliweka upande wa ng'ombe. Ukipata kampuni inayokubali kuandika mkataba maalumu kwa thamani yake, pitia maswali hayo na upige hesabu. Lakini hata huyo, bila kadi ya chanjo, hakuna mkataba utakaomwokoa.

Wengine watasema mbwa naye ni kiumbe, anastahili zaidi ya hesabu. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo sababu nasema hela iende kwenye sindano, chakula na banda lake, sio kwenye karatasi inayokuliwaza wewe wakati yeye amefungwa mnyororo juani, hana maji.

Wiki hii fanya vitu vitatu. Tafuta kadi ya chanjo ya kila mbwa na paka uliye naye. Asiye nayo, mpigie mtaalamu wa mifugo wa kata. Fungua kibubu na utie kianzio. Kisha tembea shambani kwako uone mbwa analala wapi. Kama ni juu ya malisho ya ng'ombe, mhamishe leo leo. Hiyo haina ada, haina siku za kusubiri, na hakuna wakala wa kukuzungusha.

Kinga ni bora kuliko tiba, wazee walishasema. Mimi naongeza tu: kwa mbwa wa shamba, kinga ni bora hata kuliko bima. Tukutane wiki ijayo.